Namna ya kupanga nyimbo bora za Bongo Fleva za 2000 hadi 2009: mwongozo kamili

Kiswahili kinatumia neno moja kwa kipindi cha miaka kumi na kwa mtu asiyesema kweli: mwongo. Nimeshiriki kupanga orodha za nyimbo mara tatu na kila mara nimemkumbuka aliyetuachia neno hilo. Ukitaka kujua jinsi watu wazima wanavyoweza kudanganyana kwa moyo mweupe, waulize Bongo Fleva ilikuwaje mwaka 2003. Kila mmoja atakujibu kwa uhakika, na kila mmoja atakupa jibu lake.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kupanga 20 bora, 50 bora au 100 bora ya muziki ule na kuweza kuitetea mbele ya watu. Nimechagua 2000 hadi 2009 kwa sababu ndio mwongo ninaoujua, na pia kwa sababu ndio mgumu kuliko yote. Muziki ulikuwa kila mahali, lakini kumbukumbu zake karibu hazipo popote. Wimbo wa mwaka huu una tarehe, idadi ya waliotazama, jina la prodyuza na mashairi yaliyochapwa. Wimbo wa 2002 una kanda ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda cha shangazi yako.

Utahitaji daftari (ndiyo, la karatasi), jedwali la kompyuta au la simu, spika ndogo mbovu na nyingine nzuri, watu watano hadi kumi wa umri tofauti, na wiki sita. Ukijaribu kuimaliza kwa siku moja utapanga nyimbo unazozipenda wewe. Hilo si kosa, ila liite kwa jina lake.

Hatua ya kwanza: chora mpaka kabla hujataja wimbo hata mmoja

Ugomvi mwingi wa orodha hauhusu nyimbo, unahusu mpaka. Amua mambo matatu, yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha usiyaguse.

La kwanza ni miaka. Wapo watakaokuambia mwongo unaanza 2001 na kwisha 2010, na kwa hesabu ya kalenda wana hoja. Kwa mtaa, anayesema "elfu mbili na kitu" anamaanisha 2000 hadi 2009. Chagua moja. Mimi hutumia 2000 hadi 2009, na mwaka ninaouhesabu ni ule wimbo ulipoanza kusikika redioni, hata kama albamu ilichelewa. Ukifuata mwaka wa albamu utajikuta unatupa nyimbo zilizotamba kwa miezi kabla kanda haijafika dukani.

La pili ni aina ya muziki. Bendi ya dansi ya Twanga Pepeta ilijaza kumbi miaka hiyohiyo, na taarabu ya kisasa ilikuwa na wapenzi wake waliofurika. Ukisema "nyimbo bora za Tanzania", hao wote wamo na utahitaji miezi mingine miwili. Ukisema "Bongo Fleva", wamo waliochana mistari na walioimba juu ya biti za studio, basi. Nakushauri ubaki hapo. Kulinganisha wimbo wa dansi wa dakika tisa wenye sebene na wimbo wa kufoka wa dakika nne ni kama kumshindanisha mpika pilau na mpika supu.

La tatu ni nchi, na hapa usipite haraka. Kenya ilikuwa na moto wake: E-Sir na wenzake wa studio ya Ogopa, Nonini na Jua Cali wa mtindo wa genge, Gidi Gidi Maji Maji ambao "Unbwogable" yao iligeuka wimbo wa uchaguzi wa 2002. Jose Chameleone wa Uganda aliimba Kiswahili kilichopigwa Dar kama cha nyumbani. Ukiwaingiza hao utapata orodha nzuri ya Afrika Mashariki, lakini usiingize wawili watatu kwa adabu tu. Ama wote wapewe nafasi sawa ya kupimwa, ama mpaka ubaki Tanzania. Kuweka wimbo mmoja wa Kenya katika 50 ni sawa na kumwalika jirani harusini na kumkalisha mlangoni.

Hatua ya pili: kusanya orodha ndefu

Kwa 50 bora unahitaji nyimbo 150 hadi 200 za kuanzia. Anza na kichwa chako: dakika 20, kalamu mkononi, intaneti imezimwa. Andika kila kinachokujia. Utapata 40 au 60, na kundi hilo litakufundisha jambo kuhusu wewe mwenyewe. Langu la kwanza lilikuwa na nyimbo za 2003 na 2004 tupu, miaka niliyokuwa sekondari. Nyimbo tulizozisikia tukiwa na miaka 14 hadi 19 hung'ang'ania kichwani kuliko zilizokuja kabla au baada, na hakuna aliyesalimika.

Ndiyo maana hatua inayofuata ni watu. Tafuta aliyekuwa na miaka 30 wakati ule na aliyekuwa na miaka 8. Mtafute mwanamke aliyekuwa na saluni, dereva wa daladala, fundi redio. Usimwulize "wimbo gani ulikuwa bora", maana atakutajia kile anachodhani unataka kusikia. Mwulize wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye gari yake asubuhi, wimbo aliourudisha nyuma kwa kalamu ya Bic kwa sababu betri zilikuwa zinaisha, wimbo uliomkera kwa kupigwa sana. Huo wa mwisho usiudharau. Nyimbo zilizokera ndizo zilizoenea.

Halafu angalia mashimo. Hesabu nyimbo kwa mwaka, kisha kwa mkoa, kisha kwa jinsia. Kama zote zimetoka Dar, umewasahau X Plastaz wa Arusha, Wagosi wa Kaya wa Tanga, Afande Sele wa Morogoro, Fid Q wa Mwanza. Kama mwanamke pekee ni Lady Jaydee, rudi ukasikilize Ray C, Stara Thomas, Zay B na Sista P. Sisemi uwape nafasi za upendeleo. Nasema wapate nafasi ya kusikilizwa kabla hujawakata.

Ndani ya Dar kwenyewe pia kuna mashimo. Temeke peke yake ilitoa Gangwe Mobb, Juma Nature na TMK Wanaume. Mtu wa Sinza aliyekuwa na televisheni ya Channel 5 nyumbani atakupa orodha tofauti na mtu wa Mbagala aliyesikilizia redio ya kinyozi.

Hatua ya tatu: hakiki miaka, na usiamini tarehe ya mtandaoni

YouTube ilianza 2005. Maana yake nusu ya kwanza ya mwongo wetu haikuwa nayo kabisa, na nusu ya pili iliipata kwa tabu, kwa intaneti ya kulipia kwa nusu saa. Video nyingi za nyimbo zile zilipandishwa miaka mingi baadaye na mashabiki, mara nyingine na wasanii wenyewe. Tarehe unayoiona pale ni siku mtu alipopata bando. Idadi ya waliotazama nayo inapima waliokuwa na simu janja baadaye. Ukipanga kwa hesabu hiyo, nyimbo za 2008 na 2009 zitazizika za 2001 bila sababu.

Katika orodha yetu ya kwanza niliweka wimbo nafasi ya 12 kwa kuamini tarehe niliyoikuta mtandaoni. Dada mmoja akaniambia huo aliucheza kwenye sherehe ya kuhitimu darasa la saba, mwaka 1999. Tuliutoa, na kila kilichokuwa chini yake kikapanda ngazi moja, jioni ileile tuliyokuwa tumeahidi kuitangaza orodha.

Njia iliyotusaidia ni hii. Kwanza tafuta kava la kanda. Karatasi ile ndogo iliyokunjwa ina majina ya nyimbo za upande A na upande B, studio, prodyuza, shukrani kwa watangazaji na ndugu, na mara nyingi mwaka. Hata pasipo mwaka, tazama namba za simu za msambazaji. Mwanzoni mwa mwongo namba za Vodacom zilianza na 0744, baadaye zikawa 0754. Za Mobitel zilianza na 0741, zikaja kuwa 0713 chini ya jina la Tigo. Kanda yenye 0744 kwenye kava haikuchapwa mwishoni mwa mwongo.

Kama kava halipo, tumia matukio. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo. Nilimwuliza mzee mmoja, fundi redio wa Ilala, kuhusu wimbo ambao hatukuwa na hakika nao.

"Mzee, shikamoo. Huu ulitoka lini?"

"Marahaba. Huu? Ulikuwa unapigwa Simba walipomtoa Zamalek. Nakumbuka kwa sababu usiku ule watu walikuwa wamejaa hapa, na kabla ya mpira nilikuwa naupiga huu."

Simba waliitoa Zamalek ya Misri 2003. Basi. Andaa orodha ya matukio ya namna hiyo uende nayo: kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, Zamalek 2003, uchaguzi wa Desemba 2005 uliomwingiza Kikwete, mgao mkubwa wa umeme wa 2006, kufunguliwa kwa Uwanja mpya wa Taifa 2007. Uliza "kabla au baada?" na utashangaa jinsi majibu yanavyonyooka. Ukipata watu wawili wasiojuana wanaokubaliana, andika mwaka huo kwa kalamu. Ukipata mmoja, andika kwa penseli.

Hatua ya nne: sikiliza upya, kwa mpangilio

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anazikumbuka. Hazikumbuki. Anakumbuka kiitikio na alivyokuwa anajisikia.

Sikiliza wimbo mzima, toleo la asili. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirudiwa baadaye kwa biti safi zaidi, na zipo zilizopunguzwa kasi au kukatwa ubeti. Kama una kanda, linganisha. Sikiliza nyimbo zisizozidi kumi kwa siku. Ukifika ya kumi na tano masikio yanakuwa yameshachoka na utaanza kutoa maksi za huruma. Changanya miaka ili sauti za 2008, ambazo studio zake zilikuwa zimepiga hatua, zisizidhalilishe za 2001 kwa kupangwa zote pamoja.

Kila wimbo upige mara mbili: kwa spika nzuri, halafu kwa spika ndogo mbovu ukiwa jikoni au penye kelele. Nyimbo hizi zilitengenezwa zikijua zitapigwa kwenye redio kaseti na kwenye spika za daladala zilizopasuka. P-Funk Majani pale Bongo Records, Master Jay pale MJ, Miikka Mwamba aliyetoka Finland, Enrico kule Sound Crafters: kila mmoja alikuwa na namna yake ya kumweka mwimbaji mbele ya ngoma ili maneno yasipotee. Kwa spika nzuri utasikia mapungufu ya vyombo. Kwa spika mbovu utaelewa kwa nini wimbo ulishika.

Andika sentensi moja tu kwa kila wimbo, papo hapo, kabla hujapiga mwingine. Daftari langu lina mistari kama "biti jepesi, lakini ubeti wa pili unauma" na "sauti yabeba kila kitu, maneno hakuna". Sentensi hizo zitakuokoa wiki ya tano, utakapokuwa huna tena hisia yoyote kuhusu wimbo wowote.

Hatua ya tano: vigezo, na uzito wake

Vigezo vikizidi vitano utapotea. Vyangu ni hivi, kwa jumla ya alama 100.

Kuenea, alama 20. Ulifika wapi? Swali si Dar tu. Wimbo uliopigwa Radio Free Africa ukasikika Mwanza, Bukoba na visiwani ndani ya ziwa una alama ambazo wimbo wa klabu za Masaki hauna. Mr Nice na mtindo wake aliouita TAKEU, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, alivuka mipaka ambayo wakali wa mistari hawakuivuka, na hapa anastahili haki yake hata kama humpendi.

Mtaa, alama 20. Wimbo uliacha neno gani midomoni? Zipo nyimbo zilizoingiza msemo kwenye lugha. "Zali la Mentali" ya Professor Jay na Juma Nature ilikuwa hadithi ya kijana choka mbaya aliyependwa na binti wa kishua, na leo mtu akiokota bahati asiyoitarajia anaambiwa amepata zali la mentali, na anayeambiwa hivyo huenda hata hakuwa amezaliwa wakati ule.

Utunzi, alama 25. Nimekipa uzito mkubwa kuliko vyote, na huo ni uamuzi wangu. Muziki ule ulijijenga kwa maneno. "Wauguzi" ya Wagosi wa Kaya iliwasema manesi kwa lafudhi ya Tanga ikachekesha na kuchoma kwa pamoja. "Starehe" ya Ferooz akiwa na Professor Jay ilizungumzia ukimwi wakati ambao nyumba nyingi zilikuwa hazitaki kuutaja. Angalia je, ubeti una kisa au ni mistari iliyopangwa ili iwe na vina tu? Je, wa pili unasogeza mbele kilichosemwa na wa kwanza?

Muziki, alama 15: biti, sauti, mpangilio. Kutochuja, alama 20: je, leo bado unasimama?

Kwa kutochuja nina kipimo changu nakiita ubeti wa pili. Upige wimbo mahali penye watu bila kutangaza, kwenye kitchen party, kwenye baa ya jirani, kwenye gari la safari ndefu. Kiitikio watakiimba wote, hilo halina maana. Subiri ubeti wa pili. Watu wakiendelea, mikono ikiwa juu na macho yamefumbwa, wimbo haujachuja. Wakirudi kwenye bia zao, umeshapata jibu. Nilipoupiga "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, wimbo wa mgombea na ahadi zake, kwenye basi tukitoka Morogoro, mtu wa siti ya nyuma alianza kuigiza mgombea na basi zima likawa linamwitikia. Kondakta naye. Hiyo ni 18 kati ya 20 bila mjadala, nikapunguza moja kwa sababu wengi walikuwa wa rika langu.

Sasa tazama hesabu. "Ndiyo Mzee" nilimpa kuenea 17, mtaa 20, utunzi 23, muziki 11, kutochuja 17: jumla 88. "Starehe" ilipata 18, 14, 24, 11 na 15: jumla 82. "Cinderella" ya Ali Kiba ikapata 19, 11, 16, 14 na 18: jumla 78. "Fagilia" ya Mr Nice, 20, 15, 11, 12 na 13: jumla 71.

Ukibadilisha uzito, utunzi ukawa 15 na muziki 25, pengo la alama 10 kati ya "Ndiyo Mzee" na "Cinderella" linashuka hadi kama 5. Ndiyo maana uzito lazima uandikwe kabla ya kutoa alama. Nimeona mtu akirudi kurekebisha uzito kimyakimya mpaka msanii wake akapanda. Tulimgundua kwa sababu jedwali lilikuwa na alama 105.

Hatua ya sita: mchuano wa wawili wawili

Alama zinakufikisha mlangoni tu. Zitakutenganishia nafasi ya 5 na ya 40, lakini kati ya nyimbo mbili zenye 76 na 77 hazisemi chochote. Kwa 20 za juu, weka jedwali pembeni uzishindanishe.

Kuzipambanisha zote 20 kila moja na mwenzake ni mechi 190. Hakuna mwenye muda huo. Fanya hivi: anza na wimbo mmoja. Wa pili uulize, ni bora au si bora? Uweke juu au chini. Kila unaofuata mpambanishe kwanza na ulio katikati ya zilizokwisha kukaa. Akishinda, nenda katikati ya nusu ya juu. Akishindwa, ya chini. Zikiwa zimeshakaa 15, wa 16 unahitaji mechi nne tu kupata kiti chake. Kwa saa mbili utamaliza 20.

Swali la kila mechi liwe moja. Letu lilikuwa: "Ukiambiwa mmoja kati ya hizi mbili utafutwa, hakuna atakayeusikia tena, utauokoa upi?" Swali hilo linaua unafiki. Mtu aliyekuwa anatetea wimbo fulani kwa sababu ni wa heshima anajikuta anauacha ufe ili auokoe wimbo wa Matonya.

Mechi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa "Mtazamo" ya Afande Sele, akiwa na Solo Thang na Professor Jay, dhidi ya "Mikasi" ya Mangwea. Upande mmoja wachanaji watatu katika ubora wao, kila mstari umebeba kitu. Upande wa pili wimbo ambao ukianza tu, mtu anaweka glasi chini na kusimama. Tulipiga zote mara nne. Mmoja wetu alisema Mangwea amefariki, tangu 2013, na kwamba tunaogopa kumwangusha. Ilikuwa kweli. Tukakubaliana tuuhukumu kama tungekuwa bado 2005, na "Mtazamo" ukashinda kwa kura moja. Hadi leo mwenye kura ile hajapumzishwa.

Angalia na marudio ya msanii. Professor Jay pekee anaweza kujaza nafasi sita ukihesabu alizoshirikishwa. Tumeweka kikomo cha nyimbo tatu za msanii mwenyewe, kushirikishwa hakuhesabiwi. Wapo wanaoona kikomo ni uonevu. Mimi naona bila kikomo orodha inageuka wasifu wa mtu mmoja.

Hatua ya saba: kura za wengi

Ukiwa na kundi, kila mtu apange 20 zake peke yake kabla ya kikao. Namba moja ipate alama 20, ya pili 19, hadi ya mwisho alama 1, kisha jumlisha. Usiruhusu kura za kunyoosha mkono. Mwenye sauti kubwa atapanga orodha ya wote.

Hatari ya jumla ni kwamba nyimbo zisizomchukiza mtu hushinda zile zinazopendwa kwa nguvu na wachache. Kwa hiyo mpe kila mpiga kura wimbo mmoja wa kuuokoa, utakaoingia 50 bora kwa lazima hata kama hakuna mwingine aliyeutaja, kwa sharti aandike aya nzima ya kuutetea. Aya hizo ndizo zilizosomwa zaidi tulipochapisha.

Hatua ya nane: kuandika

Kila wimbo uwe na jina la msanii kama alivyolitumia wakati ule, walioshirikishwa, mwaka, na prodyuza pale unapomjua kwa hakika. Maprodyuza wa enzi ile wamesahaulika mno kwa kazi waliyoifanya. Kisha sentensi mbili au tatu za sababu. Usiandike "wimbo huu ulitikisa". Ulitikisa nani, wapi? Andika kwamba watoto waliuimba wakiruka kamba, kwamba konda alikuwa akiukata mahali fulani ili abiria wamalizie. Kama huna hata kitu kimoja cha namna hiyo, huenda wimbo haustahili nafasi uliyoupa.

Usinakili mashairi yote wala kupandisha nyimbo za watu. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, na hata isingekuwepo, wengi wa wasanii hawa waliuza haki za kanda zao kwa bei ya kutupa. Mpeleke msomaji kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, asikilize huko.

Panga kutoka chini kwenda juu, 50 hadi 1, ili msomaji asiishie namba tatu. Mwishoni weka nyimbo kumi zilizokosa kidogo. Zitapunguza simu za usiku.

Kumi zangu

Utaniuliza, basi bora nitangulie: "Ndiyo Mzee", "Starehe", "Mtazamo", "Machozi" ya Lady Jaydee, "Mikasi", "Zeze" ya TID, "Wauguzi", "Cinderella", "Inaniuma Sana" ya Juma Nature, na "Bembeleza" ya Marlaw. "Zali la Mentali" imekaa ya 11, na shangazi mwenye boksi la viatu amekataa kunirudishia kava la kanda hadi niipandishe.